Presha ya Mume Wangu wa Darasa la Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe Chang'ombe, asifiwe Temeke yote. Asifiwe na Boko pia, ingawa Boko wanajisifu vya kutosha wao wenyewe.

Mie ni Bibi Tekla. Nakaa Chang'ombe nyuma ya gereji, asubuhi nakaanga mihogo, mafundi wote wananijua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zangu zikilala mtaziinua wenyewe. Lakini alichonitendea Mungu hakihitaji cheti, na mchungaji ameniambia, Bibi, andika watu wasome. Haya, naandika.

Nina mume. Anaitwa Ezekia, habari hii ilipoanza alikuwa darasa la tatu, meno ya mbele ndiyo kwanza yamekamilika. Ni mtoto wa binti yangu Eliza. Namwita mume wangu kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na yeye hunidai chai kwa sauti ya mwenye nyumba. Tabu ni moja tu, ndugu zangu. Mtoto ana bibi wawili. Kwa hiyo mume wangu ana mke mwingine, na mke huyo anakaa Boko kwenye nyumba yenye geti.

Huyo ndiye Mama Danieli, mama wa mkwe wangu. Mwalimu mstaafu. Anaongea taratibu kama anayesahihisha madaftari, na akikaa kwenye kiti changu hupangusa kwanza. Sisemi ni mtu mbaya. Nasema hupangusa.

Sasa mke mkubwa ni nani? Mtu akiniuliza hivyo namrudisha nyuma, siku Ezekia alipozaliwa. Eliza alikuwa na mimba ya miezi saba. Akavimba miguu, akavimba uso, akawa anaona nyota mchana. Presha ya mimba. Hospitali wakasema mtoto atolewe leo, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Wakamtoa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Ngozi kama ya kifaranga cha njiwa, nasema kweli ingawa ni mume wangu. Kulia alikuwa hawezi, alikuwa anafungua mdomo tu, sauti haipo.

Eliza alikuwa wodini hajitambui. Nesi akauliza nani atambeba mtoto kifuani, maana mtoto njiti hubebwa ngozi kwa ngozi kama kangaruu apate joto. Danieli baba yake alikuwa anatetemeka, mikono yake ingemwangusha. Mama Danieli alikuwa bado anafundisha Morogoro. Simu ilikuwa imempata, basi lilikuwa halijampata. Nikavua blauzi. Mbele ya manesi, mbele ya wanafunzi wa udaktari, mwanamke mzima na maziwa yangu yaliyolala, nikavua, nikasema mleteni. Wakanifunga naye kwa kanga. Nikala nimekaa, nikalala nimekaa, mpaka Eliza alipopata nguvu ya kumpokea. Basi mtu akiniletea habari za ukubwa, namuuliza: wewe ulimwona wapi hana nguo?

Mtoto akapona. Miaka ikaenda. Danieli anaendesha malori ya mikoani, Eliza yuko kiwandani kwa zamu, kwa hiyo siku za shule Ezekia anakaa kwangu. Mama Danieli alipostaafu akajenga Boko, ndipo mateso yangu yalipoanza. Kila Ijumaa jioni mtoto anachukuliwa kwenda Boko. Kila Jumapili usiku anarudi na habari. Boko kuna friji ya milango miwili. Boko maji yanatoka ukutani ya moto. Namwambia na huku ya moto yapo, yako kwenye sufuria. Boko bibi anamsomea hadithi kwenye kitabu chenye picha. Nikamwambia mie hadithi zangu ziko kichwani, hazihitaji taa. Akasema, "Lakini bibi, zako zote fisi anakufa."

Ndugu zangu, wivu ule ulikuwa unanila kama mchwa. Siku za Jumamosi mihogo ilikuwa inaungua. Fundi mmoja akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia mume yuko kwa mke mdogo, akacheka mpaka akadondosha spana.

Sasa sikilizeni vita vyenyewe vilivyokuwa. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa ndugu yao, shangazi mmoja wa upande wa Boko alimtazama Ezekia akasema, "Kumbe huyu ndiye yule njiti?" Neno lile liliniingia kooni kama mwiba wa kibua. Nikamtazama Mama Danieli, nikaona na yeye limemchoma. Siku ile, bila kupeana mikono, wanawake wawili tuliapa: huyu mtoto atanenepa mpaka neno hilo likose pa kukaa.

Tukaanza. Asubuhi mie chapati na supu ya kongoro kabla ya shule. Akirudi, mihogo ya kukaanga, chumvi na pilipili juu. Jioni wali na dagaa wa chumvi. Boko wao soseji, chipsi, kuku wa kwenye boksi, juisi za paketi. Akirudi Jumapili namshika tumbo, nauliza umekula nini huko, akitaja vitu vitano Jumatatu nampa sita. Mtoto akaitika. Mashavu yakaja, kifua kikaja, shingo ikapotea. Nasi tukashangilia shingo kupotea! Nilikuwa nampitisha makusudi mbele ya gereji. Jirani yangu Bi Mwantumu akasema mashallah, huyu kweli katoka kwenye chupa? Maana njiti wote yeye anajua hukuzwa kwenye chupa. Nikanyanyua kidevu. Nilijiona nimeshinda.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Anarudi shule anashika paji la uso, anataka kulala na jua liko juu. Akicheza mpira kidogo anahema kama mzee, wenzake wanamweka golini. Mara nyingine anasimama ghafla anapepesuka. Mie nikasema ni Boko, ni yale mafeni na simu wanazompa kuchezea. Mama Danieli akamwambia Eliza kwa ule upole wake kwamba ni moshi wa Chang'ombe na makelele ya gereji, kwamba ingefaa mtoto ahamie Boko moja kwa moja. Moja kwa moja! Niliposikia hivyo sikulala. Nikaona hapa kinachotafutwa si afya ya mtoto, ni talaka yangu.

Kupepesuka kule mie nilikujua. Kwetu mtu akipepesuka ni presha ya kushuka, na presha ya kushuka hupandishwa kwa chumvi. Kila mtu mtaani anajua hilo. Basi nikawa namkorogea maji ya chumvi kwenye kikombe, anakunja uso, anakunywa. Namwambia kunywa mume wangu, upate nguvu uwaonyeshe.

Sasa kwa Mama Danieli kulikuwa na kitu kimoja kilichonitesa kuliko friji. Yule mama mwenyewe ana presha ya kupanda ya siku nyingi, anameza dawa, na ana mashine yake ya kupimia sebuleni. Kila Jumamosi anajipima, halafu anampima na mume wetu kama mchezo. Ezekia akirudi hana hadithi nyingine. Mashine inakumbatia mkono, bibi! Inakaza, inakaza, halafu inalia piii, namba zinatokea! Na Mama Danieli husoma namba zile na kumwambia hongera mume wangu, presha yako nzuri kuliko yangu, ingekuwa ni mtihani ungepata mia. Mtoto anatembea Chang'ombe anatangaza kwamba presha yake imepata mia Boko. Na mie kwangu sina hata kipimajoto.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Mama Danieli alikuwa na harusi Ubungo tangu Jumamosi, mtoto akabaki kwangu, furaha yangu msiulize. Nikamvalisha shati la kanisani, kifungo cha juu hakikufunga. Baada ya ibada watu wa afya walikuwa wametandika meza chini ya turubai, wanapima presha na sukari bure kwa watu wazima. Nikaiona mashine. Ndugu zangu, mie sikwenda pale kwa sababu ya afya. Nilikwenda ili Jumatatu mtoto asiseme tena kuwa Boko kuna kitu ambacho kwangu hakuna.

Tulipofika mezani daktari, binti mdogo tu wa heshima, akanipa shikamoo akasema, bibi kaa nikupime. Nikamwambia mimi sina haja, mpime mume wangu. Akasema watoto hawapimwi leo, na hata kitambaa cha mkono wa mtoto hakuja nacho. Nikamwambia, "Mwanangu, mpime tu. Kule kwa mke mwenzangu anapimwa kila wiki, usiniaibishe." Foleni nzima ikacheka. Na yeye akacheka, akamfunga.

Mashine ikakaza, ikalia. Ezekia akanigeukia akauliza, "Nimepata mia?" Kicheko cha daktari kilikuwa kimeondoka. Akamwambia mtoto akae atulie, akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Halafu akaniuliza taratibu kama mtoto anaumwa kichwa. Nikasema ndiyo, sababu ya mafeni. Akaniuliza, "Bibi, huyu alizaliwa kwa wakati wake?"

Nikapandwa na hasira. Nikajua kuna mtu wa Boko amemwambia. Nikamuuliza nani kakwambia habari za njiti. Akasema hakuna aliyemwambia, ila presha ya mtoto iko juu, na kitambaa hiki kikubwa kwenye mkono mdogo kwa kawaida hupunguza namba, hakiongezi. Kama kimepunguza na bado iko hivi, basi ukweli wake uko juu zaidi. Akatuandikia twende hospitali kwa daktari wa moyo wa watoto, na akasema tusingoje.

Unajua kitu cha kwanza nilichofikiria? Nilifikiria kwamba amemwambukiza. Presha anayo nani kwenye ukoo? Boko. Mashine moja, kitambaa kimoja, mkono wake halafu mkono wa mtoto. Nikampigia simu palepale uwanjani, na huku nasikia muziki wa harusi nyuma yake. Nikamwambia, mkwe, umemwambukiza mume wangu presha. Akasema mkwe, mimi nimempima kila Jumamosi, namba zake ni nzuri mno, mimi nazililia namba hizo miaka kumi. Nikakata simu. Nikaona ananitambia hata kwenye msiba.

Mtaani nako habari ikawa kichekesho. Mtoto ana presha? Bi Mwantumu akasema presha ya nini, kwani kodi analipa yeye? Na mie nikacheka naye, lakini nilikuwa nimeona uso wa yule daktari.

Tukaenda hospitali. Wakampima kwa kitambaa kidogo cha watoto, wakatoa damu na mkojo kuangalia figo, wakampaka mafuta kifuani wakapiga picha ya moyo. Ezekia alilala pale anatazama moyo wake kwenye kioo akauliza kwa nini unafungua mdomo kama samaki. Eliza alikuwa analia bila sauti. Majibu yalipotoka yule daktari wa moyo, baba wa makamo, akasema figo ziko sawa, lakini ukuta wa moyo umeanza kunenepa. Akatufafanulia. Moyo ukisukuma damu kwenye presha kubwa muda mrefu unajenga msuli kama kuli wa bandarini. Kuli akijenga msuli ni sawa. Moyo ukijenga msuli mwisho unakakamaa, unachoka, unaacha. Mtoto wa darasa la tatu. Akasema tumewahi, lakini tukicheza, mtoto huyu hatafika utu uzima na moyo mzima.

Nilimuuliza imetoka wapi. Akasema mtoto anayezaliwa kabla ya wakati, figo zake na mishipa yake ya damu hutoka kabla hazijamaliza kujengwa. Wengi wao hukua salama kabisa, wanacheza, wanaoa. Lakini kwa baadhi presha hupanda mapema, kimyakimya, na mtoto hajui kusema. Ndiyo maana mtoto njiti anatakiwa kupimwa presha kila anapopelekwa kliniki, hata kama mnamwona amenona. Akasema zaidi sana kama amenona. Halafu akasema nileteeni wote wanaomlisha.

Hapo sasa, ndugu zangu. Siku ya kurudi tukakaa viti viwili, mie na mke mwenzangu, Ezekia katikati. Mama Danieli amekuja na mkoba wa ngozi, mie na kanga zangu mpya. Daktari akasema kwa upole, mama zangu, nielezeni tu anakula nini. Kwa kuwa mie ni mkubwa nikaanza. Nikasema kwangu anakunywa supu ya kongoro kila asubuhi na chapati mbili. Mama Danieli akasema kwake asubuhi ni mayai na soseji. Nikasema hata mie mayai nampa, akitoka shule, na mihogo juu yake. Akasema jioni humnunulia kuku. Nikasema kuku wangu ni wa kienyeji. Akasema usiku kabla ya kulala maziwa na biskuti. Nikasema mie nampa dagaa wale wa chumvi kabisa, na akipepesuka nampa maji ya chumvi kikombe kizima, nani mwingine anamfanyia hivyo?

Nilisema lile la mwisho kwa sauti ya ushindi. Nikamwona Mama Danieli amefumba macho. Yeye mwenye presha alijua chumvi hufanya nini. Mie nilikuwa sijui. Nilikuwa sijui kuwa kupepesuka kwa presha ya kupanda na kwa presha ya kushuka kunafanana mlangoni.

Daktari alikuwa hajaandika kitu. Akasema, "Mama zangu, huyu mtoto alikuwa na njaa alipokuwa njiti. Njaa ile iliisha zamani. Wenye njaa sasa ni nyie."

Kisha akamgeukia Mama Danieli akamuuliza zile namba za kila Jumamosi. Akazitaja, bado anazikumbuka, mwalimu huyo. Daktari akasema namba hizo kwa bibi wa umri wako ni zawadi, lakini kwa mtoto wa miaka tisa ni moto. Presha ya mtoto haisomwi kwa kipimo cha mtu mzima. Mama Danieli akaweka mkono mdomoni. Ile mia aliyokuwa anampa kila wiki ilikuwa ni sifuri.

Nataka niseme kweli mbele za Mungu: moyo wangu uliruka kwa furaha kidogo. Nikasema kumbe na yeye! Halafu nikatazama katikati yetu nikamwona mtoto amekaa, miguu haifiki chini, anatutazama huyu na huyu kama mtu anayengoja kuambiwa amekosa nini. Furaha ikanikauka.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la korido tukingoja dawa. Nikamwambia Mama Danieli, kwa ukali, maana ndio ulimi nilionao, kwamba nyumba yako ina kila kitu, kwa nini ulikuwa unamtaka na mume wangu? Akafungua mkoba, akaufunga. Akasema, "Mkwe, wewe ulimpokea kifuani. Mimi nilimkuta amevaa nguo. Friji yote ile naijaza ili nifike ulipofika wewe, na sifiki."

Miaka yote naliwa na wivu wa Boko, kumbe Boko inaliwa na wivu wa Chang'ombe! Tukalia pale, wanawake wawili wazima, mpaka mfamasia akaita jina la mtoto mara ya pili.

Ndugu zangu, msidhani hapo wivu uliisha. Mungu wetu ana akili. Hakuung'oa, aliugeuza ukavute mkokoteni. Danieli alinunua mashine moja yenye kitambaa cha mtoto, inasafiri kwenye begi la shule na dawa zake, Chang'ombe mpaka Boko, Boko mpaka Chang'ombe. Daktari alituandikia namba ambayo mtoto asiivuke. Basi tukaanza kushindana kushusha. Jumapili Mama Danieli ananitumia ujumbe, presha ya mume wetu leo iko chini, ametembea ufukweni. Nikaona ananitambia ufukwe. Huku kwangu kuna vumbi na malori, nitamtembeza wapi? Nikafunga kanga kiunoni, nikafungulia redio ya gereji, tukacheza singeli uani mie na yeye kila jioni mpaka jasho linatiririka. Mafundi wakapiga makofi. Goti langu la kushoto mpaka leo linanilaumu. Ijumaa nikapima, nikamtumia Mama Danieli namba bila salamu. Akajibu kwamba ni nzuri, nikajua imemuuma.

Chumvi niliihamisha kutoka jikoni kwangu kama mpangaji mkorofi. Mchicha, maharage, samaki wa limao, matunda badala ya mihogo ya mafuta. Mwanzoni mtoto aliniambia chakula changu sasa kina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Akaenda Boko akakuta ni hivyo hivyo, akarudi akasema wake zake wamemfanyia njama.

Na shetani naye hakulala. Mama mmoja wa kwenye maombi alinifuata akasema, dada Tekla, kama unaamini kweli, tupa vile vidonge, imani haichanganywi. Nikamuuliza, Ezekia wa kwenye Biblia alipougua mpaka kufa, Isaya alimwekea nini kwenye jipu? Nikamjibia mwenyewe, mkate wa tini. Dawa. Nabii mwenyewe aliomba na akabandika. Mie kila asubuhi naomba, nampa kidonge, na mkono ninaompakia mafuta ndio huo huo unaoshika kikombe cha maji. Anayetaka imani isiyo na kikombe akaitafute kwingine.

Tulienda hivyo mwaka mzima na zaidi. Kuna wiki presha ilipanda hatujui kwa nini, tukatuhumiana uongo kwa simu, kumbe ni mtoto mwenyewe alikuwa anabadilishana matunda na maandazi shuleni. Kuna siku nilifunga kula, nikamwambia Mungu, Baba, kama ni lazima abaki na mmoja wetu, sawa, abaki Boko, ila abaki. Mnanijua. Mnajua sala ile ilinigharimu nini.

Ndipo wakampiga picha nyingine ya moyo. Daktari aliangalia muda mrefu, akaita mwenzake aangalie. Akageuka akasema, "Ukuta umerudi." Nikamwambia rudia, masikio yangu ya gereji. Akasema ukuta wa moyo umerudi unene wake, mama, na presha iko mahali pake. Nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja. Mama Danieli, mwalimu yule anayepangusa viti, alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali na sketi yake nyeupe. Bwana asifiwe! Haleluya!

Dawa zimepunguzwa, hazijaisha. Daktari amesema atapimwa maisha yake yote, hata akiwa na ndevu, hata akiwa na wajukuu, na amwambie kila daktari atakayemwona kwamba alizaliwa njiti. Neno lile mie sasa nalitaja mwenyewe kwa sauti. Mume wangu alikuwa njiti. Anacheza winga wa kulia.

Ndugu zangu, mwenye mtoto au mjukuu aliyezaliwa kabla ya wakati, usidanganywe na mashavu. Usiseme presha ni ya wazee. Mpeleke akapimwe, kwa kitambaa cha mtoto, na namba asomewe na mtu anayejua za watoto. Kisha mtumaini Bwana, naye hatakucheka ukija kwake kwa sababu ya ajabu. Mie nilikuja kwa wivu na akanipokea, akamtoa mtoto wangu kwenye mdomo wa kaburi kwa foleni niliyoingia ili nimkomoe mtu.

Leo ninapoandika ni Jumamosi. Ezekia yuko Boko, na wivu ninao. Ninao hapa kifuani, unachemka. Babu yake, yule aliyenileta mjini, alikuwa mwanamume wa kupendwa na watu. Niliona wivu juu yake miaka yote ya ndoa, akichelewa kurudi nasimama mlangoni na mwiko. Presha ilimwangusha kazini, hajawahi kupimwa hata siku moja, na siku naishitaki Boko nilijisahaulisha hilo. Tulipotoka makaburini nilitafuta ule wivu nikaukosa. Sikuwa na wa kumwonea. Tangu siku ile najua kwamba mjane hana wivu.

Basi nashukuru, Baba, kwa kila Jumamosi inayonichoma. Anatembea ufukweni na mke mdogo, anakula samaki asiye na chumvi, moyo wake unapiga, na mie nimenuna. Nimenuna, ndugu zangu, na mume wangu yu hai. Semeni amina.